DokuWiki kwa maktaba ya shule: nyepesi, ila ina masharti yake

Kwa maktaba ya shule hapa Dar, ambako bando likiisha mambo husimama, DokuWiki (programu ya wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji huandika na kuhariri kurasa wenyewe) inafaa kuliko WordPress, programu ya kuendesha blogu na tovuti. Haihitaji hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi tu. Kompyuta kuukuu yenye PHP (lugha ya programu inayoiendesha DokuWiki) na rauta vinatosha, wanafunzi wakasoma bila intaneti.

Ukishaiweka, futa install.php (faili la usakinishaji), la sivyo umeacha mlango wazi. Seva lazima iruhusiwe kuandika kwenye folda ya data. Makosa mengi ya siku ya kwanza hutoka hapo. Picha za majalada zikikataa kupanda, tazama upload_max_filesize, kikomo cha ukubwa wa faili kwenye mipangilio ya PHP: kwa kawaida PHP huanza na MB 2, na picha za simu huzidi.

Mmoja akihariri ukurasa, wengine hufungiwa mpaka ahifadhi, au dakika 15 zipite kimya. Kwa hiyo darasa zima lisirundikwe kwenye uhakiki mmoja wa riwaya. Kila kikundi kipewe ukurasa wake. Matusi yakiingia (na yataingia), rudisha toleo la jana.

Folda za data na conf (ya mipangilio) zinakiliwe kwenye flashi kila Ijumaa. Kwa matangazo ya vitabu vipya, WordPress bado iko mbele.