Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Dodoma: njoo Jumapili, wala usiwahi kuondoka

Tangu wizara yetu ilipohamishiwa Dodoma nimelipita kanisa hili mara nyingi nikiwa ndani ya bajaji, na kwa muda mrefu nililichukulia kuwa alama ya kuelekezea njia tu: nishushe pale Anglikana, kisha nitatembea. Mimi mwenyewe si Mwanglikana, na sikuona sababu ya kuingia. Nilifika siku moja ya kazi, nikapiga picha ya kuba, nikasoma nilichoweza kusoma ukutani, nikaondoka nikidhani kwamba nimeshaliona. Tathmini hii naiandika ili kujisahihisha, kwa kuwa jengo hili likiwa tupu humpa mgeni chini ya nusu ya kile lililonacho.

Kwanza jengo lenyewe. Liko katikati ya mji, mwendo mfupi wa miguu kutoka stesheni ya zamani ya reli, na badala ya mnara uliochongoka lina kuba la mviringo ambalo mtu wa pwani, kama mimi, angeweza kulidhania la msikiti. Kanisa Kuu la Kilutheri liko jirani, na msikiti wa Waismailia hauko mbali, kiasi kwamba anayetaka kuona namna dini zilivyokaa pamoja tangu mji huu ulipokuwa mdogo hahitaji kutembea sana. Kwa macho yangu kuba hilo lina unyenyekevu unaopendeza, hasa leo ambapo kila taasisi ya makao makuu inajenga ghorofa za vioo. Mtu aliyezoea makanisa ya mawe ya Zanzibar au Bagamoyo asitarajie ukubwa wa namna hiyo.

Ukuu wa kanisa hili umo katika nasaba yake. Hili ndilo kanisa kuu la Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Alexander Chambers, aliyetoka Australia, ingawa wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza) walikuwa wamekwisha kufika Mpwapwa katika miaka ya 1870, yaani miongo kadhaa kabla ya reli kuifikia Dodoma. Eneo la dayosisi lilikuwa kubwa mno, na historia yake inafanana na ya mama aliyeozesha mabinti mmoja baada ya mwingine, yaani dayosisi mpya zilizomegwa kwake: Victoria Nyanza mwaka 1963, Morogoro mwaka 1965, Western Tanganyika mwaka 1966, Mount Kilimanjaro mwaka 1982, Mpwapwa na Rift Valley mwaka 1991, kisha Kondoa mwaka 2001. Mwanglikana wa Mwanza, Kasulu au Arusha anayekuja Dodoma kufuatilia faili lake wizarani anaweza, bila kujua, kuwa amefika kwa bibi yake. Ni kwa ajili ya dayosisi hii pia kwamba mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika.

Niliporudi Jumapili nilifika nikiwa nimechelewa, kwa kosa la msafara wa harusi ya watu nisiowajua, uliosimamisha gari lake la matarumbeta katikati ya barabara kana kwamba mji mzima umealikwa. Nilikaa nyuma. Ibada iliendeshwa kwa Kiswahili, lakini kwaya ilipoimba wimbo wa Kigogo, lugha ya wenyeji wa Dodoma, sauti zikipandana na kuachiana nafasi kwa namna ambayo wapenzi wa muziki wa Wagogo wanaifahamu, wanawake wa safu za mbele walianza kutikisa mabega, na sisi watumishi wa serikali tuliotoka mikoa mingine tukabaki tukipiga makofi nje ya mapigo. Matangazo yalikuwa marefu, kama yalivyo matangazo ya kanisa popote nchini: ndoa, misiba, kikao cha umoja wa akina mama, wagonjwa wa kutembelewa.

Sehemu ninayoipa alama za juu kabisa ilianza baada ya baraka ya mwisho, watu walipotoka nje na mnada ukafunguliwa. Waumini wasio na fedha taslimu walikuwa wameleta sadaka ya mazao, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya dalali wa kuzaliwa aliinadi: jogoo aliyefungwa miguu, karanga, ubuyu, uwele katika ndoo, zabibu za shambani. Katika nchi ya ukame, ambamo njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920 bado ina jina lake, Mtunya, ndoo ya uwele iliyotolewa kwa hiari si sadaka ndogo, na niliona kwamba wanunuzi walilijua hilo, kwa sababu walipandisha bei kupita ya sokoni kwa makusudi. Jogoo aliuzwa mara tatu. Kila aliyemnunua alimrudisha mezani anadiwe tena.

Nami nilijikuta nimenunua mfuko wa mlenda mkavu. Bibi aliyeuleta alikuwa amesimama pembeni, nikamwamkia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Utaupika wewe, au una mtu?”

Nilikiri kwamba sijui kuupika. Alinieleza taratibu, akirudia kama anayemfundisha mtoto, kwamba nitie karanga zilizotwangwa na nisiutie maji mengi, kisha akanifundisha pia kusema “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo ya kuwaamkia watu wengi kwa pamoja, ili Jumapili inayofuata nisiwaamkie wenzake kwa Kiswahili cha pwani.

Kwa anayepanga kufika: kutoka stendi kuu ya Nanenane panda daladala au bajaji ya kuja katikati ya mji, vaa nguo za heshima, usipige picha wakati wa ibada, na miezi ya Juni hadi Agosti beba sweta, kwani asubuhi za Dodoma zina baridi na upepo. Beba pia noti ndogondogo za mnada. Mimi nilikuwa na noti moja ya elfu kumi, na mzee yule hakuwa na chenji wala nia ya kuitafuta.