Tahadhari: Fundi aliyeniambia redio yangu imekufa, kisha akaiuza ikiwa nzima

Ndugu zangu, nilikuwa nimeamua kulinyamazia jambo hili kwa sababu ya aibu, lakini jana nimesikia kwamba mtu huyuhuyu ameitwa kwenda kutazama redio katika nyumba nyingine mbili za watu tunaofahamiana. Redio yangu mnaijua, ile ya CD tatu na deki mbili za kaseti, na aliyemleta fundi mnamjua vilevile, kwa hiyo hayo sitayarudia. Nitakachoeleza ni jinsi nilivyokaa sebuleni kwangu, mtu mzima mwenye akili timamu, nikamsaidia mwizi kubeba mali yangu hadi kwenye gari lake, na nikamshukuru.

Alifika saa ileile aliyoahidi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatandika kitambaa sakafuni, ndipo akaishusha redio kutoka kabatini kwa mikono miwili. Naomba msicheke, kwa maana hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mafundi niliowazoea huja siku ya tatu wakiwa na bisibisi moja mfukoni, na huyu alikuwa na sanduku lenye bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa, kipimo cha umeme na tochi ya kuvaa kichwani. Hakudai hata senti ya kuangalia tu. Alisema kwamba kwanza niridhike kwa macho yangu, na mambo ya fedha yatafuata.

Alianza na deki ya kaseti, ambako mimi mwenyewe nilijua kwamba kuna ugonjwa, kwa sababu kanda zilikuwa zikiimba kwa uzito kama mtu aliyelewa. Alichomoa kwa kibano ule mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha deki, nao ulikuwa umeyeyuka kiasi cha kuacha weusi kama lami kwenye vidole vyake, kisha akanigusisha kidole changu ili nami nichafuke. Akanieleza kwamba na kapasita, vile vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya redio, hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Yote mawili ni kweli, na sasa ndipo ninapoelewa kwamba uongo uliofuata aliuegemeza juu ya kweli hizo mbili, maana nilikuwa nimeshamwamini kabla hajaufungua mdomo kuhusu CD.

Nilikuwa nimemwekea diski sita au saba mezani. Alizipitia moja baada ya nyingine, akaziweka kando zile za dukani, akachagua ile pekee iliyochomwa kwenye kompyuta, yenye maandishi ya kalamu ya wino juu yake. Aliiweka katika trei ya tatu. Redio ikazungusha, ikanyamaza, ikazungusha tena kwa mlio wa kukwaruza, kisha kioo kikaandika NO DISC. Alirudia mara tatu, na kila mara aligeuka kunitazama kwa huruma, bila kusema neno, mpaka mimi mwenyewe nikawa wa kwanza kutamka kwamba imekufa. Hapo ndipo alipopumua na kusema, «Mzee wangu, lenzi imekwisha, na lenzi za aina hii hazitengenezwi tena. Hata ungeipata, redio hii haina pa kuunganishia simu. Muziki umeshahamia mtandaoni.» Muda wote huo mgongo wa redio ulikuwa umeelekea magotini kwake, nami sikuwahi kuinuka kuutazama.

Kisha akatoa spika yake. Ni kitu cha ukubwa wa chungu kidogo, chenye taa zinazobadilika rangi. Aliniambia nitaje wimbo wowote, nikautaja wimbo ambao sikuusikia tangu ujana wangu, naye akautamkia simu, na kabla sijamaliza kutabasamu ukawa unapigwa. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Mimi si mpinzani wa muziki wa mtandaoni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonea wivu wanangu wanaosikiliza chochote wakati wowote ilhali mimi nahangaika kufuta diski kwa kitambaa cha miwani. Alisema kwamba spika ina wati 2000, na kwamba atanipa pamoja nayo «akaunti ya maisha», yaani nalipa mara moja na sitalipa tena mwezi wowote hadi nife. Redio yangu angeichukua kama chuma chakavu na kunipunguzia kidogo katika bei.

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza swali moja tu: kama imekufa, anaitakia nini? Naona aibu kuandika kwamba aliyejibu nilikuwa mimi. Nilimwambia anataka vipuri. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Usiku wa kwanza wimbo ulikatika katikati, na simu ikaonyesha kwamba muziki unapigwa kwenye kifaa kingine. Nilipompigia alisema mitambo inanisajili na nivumilie. Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na orodha za nyimbo zenye majina ya watoto nisiowajua, nami nikadhani ni mapambo yanayokuja nayo. Siku ya 19 neno la siri likakataa. Namba yake ikawa haipatikani. Sasa nimeelimishwa kwamba huduma hizi hulipiwa kila mwezi, na hata kifurushi cha familia cha Spotify, kinachoruhusu watu hadi 6, ni kwa ajili ya watu wanaoishi anwani moja. Kwa hiyo mahali fulani kulikuwa na baba au mama aliyekuwa akilipa, akashangaa nyimbo za kizee zinajipiga zenyewe katika akaunti yake, akabadilisha neno la siri, na alifanya vizuri. Mimi niliibiwa huku nikiiba.

Hayo ningeyameza. Lakini wiki iliyopita mpwa wangu aliniletea simu na kuniuliza kama hii si redio yetu. Ilikuwa tangazo la kuuza. Picha ya kwanza ilionyesha spika ya kushoto na ule mchano kwenye kitambaa chake, ule mnaoujua ulivyotokea. Chini yake kulikuwa na maneno: CD zote zinasoma safi, lenzi nzima, ina AUX, unganisha simu yako. Picha ya pili ilikuwa ya mgongo wake. Nikakuza picha hiyo kwa vidole, na palepale, chini ya matundu ya waya za spika, palikuwa na matundu mawili, jekundu na jeupe, nayo yameandikwa AUX. Yamekuwapo tangu siku niliyoinunua, nimeyafuta vumbi kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza ni ya nini.

Nilikwenda kwa fundi mwingine nikiwa na picha hizo, na alinieleza mambo yaliyonikosesha usingizi. Lenzi ya CD hushika vumbi na moshi wa nyumba, na ikichafuka, diski za kuchomwa ndizo huanza kukataa, kwa kuwa hurudisha mwanga hafifu kuliko zile za kiwandani. Diski za dukani pengine zingeimba siku hiyohiyo mbele ya macho yangu, na ndiyo maana aliziweka kando. Pamba kidogo yenye spiriti safi ingetosha kujaribu. Mkanda wa mpira wa deki hubadilishwa. Na simu yangu, ambayo niliambiwa kwamba haiwezi kuonana na redio, ingeingia kwa waya mmoja wenye ncha ya vipokea sauti upande huu na ncha mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili, au kwa kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa mahali palepale. Ningesikiliza nyimbo za mtandaoni kupitia spika zangu za mbao na CD zangu zikabaki kabatini. Hakuna aliyekuwa na haja ya kunichagulisha kati ya la zamani na la kisasa, isipokuwa mtu aliyetaka kuondoka na la zamani.

Spika aliyoniachia, nilipoigeuza, imeandikwa kwenye kitako chake kwamba inachajiwa kwa volti 5 na ampea 2. Zidisha mwenyewe: ni wati 10. Betri inaweza kusukuma zaidi kwa kitambo, lakini hizo 2000 ni zile hesabu za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, zinazoandikwa na kila muuzaji apendavyo. Uliza wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na asipozijua, mfungulie mlango atoke.

Mtu huyu anastahili kushtakiwa, na nasema hivi nikiwa nimetulia. Sitaki kusikia habari za kumsamehe kwa sababu ana watoto, kwani hata mwenye ile akaunti alikuwa na watoto. Nataka arudishe redio, arudishe fedha, na asimame mbele ya kila mzee aliyemwita «mzee wangu» aeleze diski aliichaguaje. Nimeshapeleka taarifa polisi pamoja na picha za tangazo, na ninaomba wengine waliotapeliwa waje, maana lalamiko la mtu mmoja kuhusu redio kuukuu huchekwa pale mezani. Mimi nilichekwa.

Kwa wale ambao wamemkaribisha wiki hii: mwambieni ajaribu na diski ya dukani, na mgeuze redio wenyewe mtazame nyuma. Akitaja akaunti ya maisha, mkatalieni papo hapo. Akiitaka redio aliyoiita maiti, basi mnajua ninachotaka kusema.

Na kwa yeyote atakayekuwa ameinunua ile redio yenye mchano kwenye spika ya kushoto, sikulaumu na sitakudai. Nakuomba ufungue trei ya tatu. Diski iliyomo ina maandishi ya wino wa bluu, ni sauti za harusi yetu zilizorekodiwa ukumbini, na nakala nyingine hatuna. Nilimpigia fundi kumuuliza kuhusu hiyo kabla namba haijazimwa, akaniuliza, «Diski gani, mzee wangu?»