Uzoefu wangu na kozi ya maneno ya vishindo

Nipo Wuhan kimasomo. Kila Jumamosi mimi na mwenzangu wa darasani, Mchina, tunabadilishana lugha: ananifundisha Kichina, nami namsaidia Kiingereza. Yeye ndiye aliyenionyesha kozi hii ya kwenye simu, iliyotengenezwa kwa Wachina wanaojifunza Kiingereza, nasi tukachanga yuani 45 kununua sehemu ya maneno ya mapigo mazito na milio ya vishindo. Tumeitumia miezi minne.

Kadi zake zimeniudhi. Unafungua "thump", tafsiri ni zhongji. Unafungua "whack", zhongji tena. Zhongji ni pigo zito, basi. Mwanafunzi anakariri maneno mengi yenye maana moja, halafu anayachanganya akianza kuandika. Mwenzangu aliandika "he thudded me on the back", akikusudia kwamba rafiki yake alimpiga konde la mgongo. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameikariri kadi sawasawa. "Thud" mtu hapigwi nayo. Ni kishindo cha kitu kizito kinapotua: gunia la mchele sakafuni, nazi mchangani. Ngumi ya mtu ni "thump", iwe imetua mgongoni au mezani. "Whack" ni pigo la haraka na kali, mara nyingi la fimbo au kitu bapa. Hayo yote kadi hazisemi.

Kilichonifanya nisiijutie pesa yangu ni mazoezi ya kusikiliza. Hapo unasikia kitu chenyewe kabla ya neno: kiroba kinadondoka, mlango unabamizwa, meza inapigwa ngumi, kisha unachagua. Zoezi hilo lilinikumbusha lugha yetu. Sisi kitu kizito huanguka pu! Kikitumbukia majini, chubwi! Kofi nalo, paa! Nilipomwambia hivyo alichangamka, kwa kuwa Kichina nacho kina dong, pa na putong. Tukachukua daftari, tukaandika kila neno la Kiingereza ubavuni mwa mlio wake wa Kichina: "thud" na dong, "whack" na pa, "plop", kitu kinapotumbukia majini, na putong. Tangu siku hiyo hajarudia kosa la mgongoni.

Matamshi yamepitwa juujuu, na hapo ndipo Mchina anapohitaji msaada zaidi. Kichina sanifu hakina th, kwa hiyo "thud" ilikuwa inamtoka kama "sadi". Sisi tuliozoea thamani na themanini hatuna shida na mwanzo wa neno. Mwisho wake ndio unaotushinda sote wawili, kwa sababu tunatamani kuongeza irabu. Tulilifanyia mazoezi neno hilo moja jioni nzima.

Karibu na mwisho kuna "drub", kupiga vibaya, na maelezo kwamba huenda Waingereza walilitoa kwenye daraba ya Kiarabu. Nikaona dharuba yetu hapo! Nilimweleza mwenzangu kwa muda mrefu, na neno hilo hajalisahau.

Ukiwa na mtu wa kusoma naye, inunue kwa ajili ya mazoezi ya kusikiliza. Anayejiandaa peke yake kwa CET-4, mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China, asizitegemee kadi. Watengenezaji nimewaandikia nikiwaomba kila kadi iwe na sentensi inayoonyesha nani kapiga nini, na kwa kitu gani.