Makoti matatu ya mtumba ninayoyategemea Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe koti halivuliwi hata ofisini. Asubuhi ukungu umetanda, upepo unapenya hadi mifupani, na hata jua likichomoza kivulini bado ni baridi. Nimenunua makoti mengi ya mtumba, mengine nimeyagawa, na sasa nimebakiwa na matatu ninayoyategemea: koti refu la sufu, bleza ya bluu iliyokolea, na koti la mvua lenye mkanda kiunoni, lile la trenchi. Kwa hayo naenda kazini, kanisani, msibani na safari ya Dar.

La sufu ndilo nililoligharamia zaidi, shilingi 45,000, na lina thamani ya kila senti. Sufu inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kujihisi umelowa, ndiyo maana ukungu wa asubuhi haunisumbui. Robota la mtumba likifunguliwa, wengi hukimbilia rangi. Mimi natafuta kwanza ile lebo ndogo iliyoshonewa ndani, ubavuni, inayotaja kitambaa. Sufu ikiwa asilimia 70 na kuendelea nalichukua, na nailoni kidogo ikichanganywa si mbaya, inaongeza uimara. Likiwa poliesta tupu nalirudisha hata kama linapendeza, maana ukipanda mlima nalo kidogo tu unatoka jasho, ukisimama jasho lile linakugeukia baridi. Kisha nalinyanyua kuelekea kwenye mwanga nikague chini ya kola na kwapani. Vitundu vidogo kama vya sindano ni kazi ya viwavi vya nondo, na likiingia kabatini nao wakiwa hai, masweta yote yako hatarini.

Muuzaji aliniambia, "Dada, chukua tu, mabega fundi atayapunguza." Nampenda kwa maneno yake matamu, lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo. Fundi mzuri atafupisha mikono, atabana kiuno, atabadilisha bitana iliyochanika. Bega ni habari nyingine: lazima afumue mkono mzima, kola na bitana, na mara nyingi koti likirudi linakaa upande. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Ukizidi, liache, hata liwe la bei ya chini kiasi gani.

Kwenye bleza nina kipimo kimoja ninachokiamini. Shika sehemu ya mbele ya koti karibu na kifungo cha chini, vidole vya mkono mmoja vikamate kitambaa cha nje na vya mkono wa pili bitana, kisha vuta taratibu kila upande. Ukihisi kuna kitambaa cha tatu kinachoelea katikati, limeshonwa kwa kazi na litakaa miaka. Usipohisi kitu, huenda kile cha katikati kimegandishwa kwa gundi. Ya gundi si yote mabaya, ila yakifuliwa kwa maji moto au kupigwa pasi kali kifua huvimba malengelenge, na hakuna fundi wa kukirudisha. Yangu naisugua kwa brashi, naitundika kwenye hanga pana, na kwa dobi inakwenda mara chache sana. Jambo jingine: ule uzi wenye umbo la X kwenye mpasuo wa nyuma umewekwa kiwandani ili koti lisijikunje njiani. Ukate. Nawaona watu wazima, wamependeza kabisa, wanatembea nao harusini, natamani niwe na mkasi.

La trenchi lina historia ndefu. Thomas Burberry wa Uingereza alibuni gabadini mwaka 1879, kitambaa kilichofumwa kwa kubana kiasi cha kuzuia mvua huku kikipumua, na maofisa wa jeshi wakayavaa makoti ya kitambaa hicho kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Vile vikanda vya mabegani vimetoka huko. Langu halina jina kubwa, ni pamba iliyochanganywa na poliesta, na ndilo pekee ninaloweza kushuka nalo Dar wakati wa masika bila kuungua. Kasoro yake ni rangi ya kaki: kola inashika uchafu upesi, na mvua kubwa ya Njombe inapenya mabegani ukikaa nje muda mrefu.

Bado natafuta jaketi la jinzi la pamba asilimia 100. Mengi ninayokutana nayo sokoni yamechanganywa nyuzi za kuvutika, yanalegea viwikoni mapema. Nikilipata lenye bega langu, silali na hela.