Hilux yangu ya dizeli na fundi aliyeuliza kwanza

Nina Hilux ya zamani, injini aina ya 3L, nabebea viazi kutoka Isyonje kushusha Mwanjelwa, huku Mbeya. Tangu baridi ya Juni ianze, kila asubuhi ilikuwa napiga stata mpaka betri inalala. Ikishawaka, mchana kutwa haisumbui.

Gereji ya kwanza walisema ni baridi tu. Wakabadilisha hita plagi zote nne, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka, na kuniuzia betri mpya. Laki tatu na ushee. Kesho yake alfajiri, hali ileile. Iliniuma, maana wachimba viazi wananingoja shambani na wanataka hela yao.

Dereva mwenzangu akanielekeza kwa fundi wa dizeli maeneo ya Mafiati. Kabla hajashika spana akauliza: ukipiga stata, moshi unatoka? Nikasema hautoki hata kidogo. "Basi kaka, siyo hita. Hita zikifa dizeli inafika ila haiungui, utaona moshi mweupe. Hapa dizeli haifiki."

Swali la pili ndilo lililonifungua macho: usiku unaipaki ikiangalia wapi? Kwangu ni mteremko, naiegesha pua juu. Tangi liko nyuma, kwa hiyo hewa ikipata upenyo, dizeli inarudi tangini usiku kucha. Nikakumbuka nikilala Uyole kwa shemeji, uwanja ni tambarare, iliwaka bila taabu.

Akafunga mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya dizeli ya injini, akawasha. Mapovu yakapita mfululizo. Hewa ilikuwa inaingia kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta, raba yake imekakamaa. Nje pakavu kabisa, kwa sababu pale dizeli inavutwa: hewa inaingia, dizeli haitoki. Ukitafuta kwa kuangalia tone chini ya gari hupati kitu.

Alibadilisha kichwa cha filta chenye pampu hiyo ya mkono, akatoa hewa, akalaza gari kwake pua juu. Asubuhi iliwaka stata ya kwanza, mbele yangu. 95,000 pamoja na spea. Ana foleni, nilisubiri siku mbili, ila ningesubiri hata wiki.

Sasa ni wiki ya tano. Mwenye tatizo kama langu, asubuhi kabla ya stata bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ikiwaka papo hapo, usinunue hita, tafuta hewa inakoingilia.