Riwaya za Kihistoria za Kiswahili: Ipi Ununue Kwanza

Mnunuzi wa riwaya ya kihistoria huvutwa kwanza na tukio analolisoma nyuma ya jalada, liwe ni mapinduzi, mgomo au biashara ya utumwa. Kigezo hicho hakitoshi, kwani tukio lenyewe linaweza kusomwa kwa kurasa chache katika kitabu cha historia. Mpangilio ufuatao umeongozwa na swali jingine: je, mwandishi amewaonyesha watu wa zama hizo wakifanya kazi, wakidaiwa, wakioana na kugombana, kiasi cha msomaji kuielewa enzi yao bila kuhutubiwa?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Mazingira yake ni Zanzibar chini ya utawala wa Waingereza, lakini mwandishi anatuingiza humo kwa njia ya ndoa. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa Mwajuma. Baadaye anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye anaandamwa na makachero kwa sababu ya harakati zake dhidi ya wakoloni. Ukoloni, ubaguzi wa rangi na mila za ukoo vyote vinaonekana katika jambo moja dogo, yaani nani anaruhusiwa kuingia nyumba ya nani. Mazungumzo yake ni hai mno, na kwa anayenunua riwaya ya aina hii kwa mara ya kwanza sioni chaguo bora zaidi.

Ya pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz na kudhani kwamba anasafiri na ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani aliyefikishwa hapo kwa njia hiyo hiyo. Misafara ya kwenda bara na kuingia kwa Wajerumani tunaviona kwa macho ya mtoto asiye na uwezo wa kuamua lolote, na ndiyo maana vinatisha. Nimeiweka ya pili kwa sababu inakwenda taratibu na inadai msomaji mvumilivu.

Ya tatu ni kazi ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na hapa naomba mnunuzi asiogope ukubwa wake. Kitereza aliiandika kwanza kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa kwa juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwenyewe akafariki mwaka 1981. Kisa chake ni cha mume na mke waliokosa mtoto. Mke anarudishwa kwao, na mume anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe kabla ya kumpata tena. Mwandishi hafupishi chochote: kilimo, uvuvi, uganga, salamu na adabu za ukweni vyote vimeelezwa kwa utulivu wa mtu aliyehofia kwamba visipoandikwa vitapotea. Kuna sura zinazochosha, nami nakiri hivyo, ila hakuna kitabu kingine katika orodha hii kinachoonyesha kwa ukamilifu kama huu maisha ya Ukerewe kabla ya ukoloni. Hakikisha unapata juzuu zote mbili, kwa sababu ya pili ndiyo inayowafuata watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali.

Kuli (1979) na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), zote za Adam Shafi, nazipa nafasi ya nne na ya tano. Kuli, inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948, inatangulia kwa sababu uzito wa mizigo unahisika mgongoni mwa Rashidi. Kasri inasimulia ukabaila na Mapinduzi ya 1964. Kijakazi, mtumishi wa kasri, ameumbwa kwa ustadi mkubwa, lakini bwana wake Fuad ni mwovu kupita kiasi, hivyo hukumu inajulikana mapema.

Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934) naiweka mwisho. Inasimulia mateso ya waliotekwa na jinsi walivyokombolewa, lakini inawasifu Waingereza kwa namna inayomtaka msomaji awe macho. Inunue ukiwa umekwisha kusoma Peponi, ili uwe na sauti nyingine ya kuilinganisha nayo.