Uzoefu wangu na programu ya kufundishia haki za mtoto darasani

Nimeitumia programu hii kwa muhula mzima katika darasa la wanafunzi 42 wenye umri wa miaka 10 hadi 12, tukiwa na projekta moja na vishikwambi 14, yaani kila kishikwambi wanafunzi watatu. Naieleza kwa kirefu kwa sababu imenisaidia sana, na kwa sababu mahali fulani ilivunja haki ileile iliyokuja kuifundisha.

Maudhui yake ni sahihi. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, lenye ibara 30, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, wenye ibara 54, yote yameelezwa kwa lugha nyepesi yenye sauti ya msomaji. Somo lililowagusa zaidi lilimhusu Hansa Mehta, mjumbe wa India, aliyepinga ibara ya kwanza ya Azimio kutumia neno la Kiingereza ambalo humaanisha pia wanaume. Wanafunzi walishangaa, kwa kuwa sentensi waliyokuwa wakiisoma, "Watu wote wamezaliwa huru," haimbagui yeyote, na mjadala kuhusu maneno yanayomwacha mtu nje ulitumalizia kipindi kizima. Michezo ya maswali, kwa upande wake, haikunipa chochote. Watoto walishindana kubofya haraka na kesho yake wakawa wamesahau.

Kilichonifanya niendelee nayo ni kura ya siri. Nilipokuwa nikiuliza swali kwa kunyoosha mikono, iliinuka mikono ileile mitano au sita, na wengine walinitazama usoni kwanza wajue ninataka jibu gani. Siku ya kwanza ya kura, programu iliuliza kama ni haki kuadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja. Vishikwambi vilipokezanwa, na msichana mmoja ambaye hajawahi kujibu swali kwa hiari yake alikifunika kioo kwa daftari kabla ya kubonyeza. Matokeo yalipotokea ukutani, 35 walisema si haki. Wiki moja kabla nilikuwa nimetoa adhabu ya namna hiyo, na wote walilijua hilo. Niliwaomba radhi, kisha tukasoma ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa. Sijawahi kuona ibara ikieleweka upesi namna ile.

Kasoro niliigundua wiki ya tatu. Wakati wa kujisajili, programu ilikuwa imedai jina kamili la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa na picha, nami niliruhusu bila kufikiri. Tulipofika ibara ya 16 ya Mkataba huo, inayolinda faragha ya mtoto, mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, picha yangu inakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Jioni nilifungua ripoti ya mwalimu nikakuta kila kura iliyoitwa ya siri imeandikwa pamoja na jina la aliyeipiga. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimewahakikishia kwamba hakuna atakayejua. Mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla Na. 25, yanayoeleza kwamba haki za mtoto zinamlinda hata katika mazingira ya kidijitali. Waliotengeneza chombo cha kufundishia mkataba huo walipaswa kuwa wa kwanza kuyafuata.

Niliwaeleza wanafunzi ukweli wote, kisha nikawaandikia watengenezaji. Walijibu baada ya wiki mbili, wakanielekeza jinsi ya kuzima majina katika mipangilio na wakafuta picha baada ya kuombwa mara ya pili. Tangu hapo kila mtoto huokota namba kutoka katika boksi kabla ya kupiga kura, na boksi hilo hulishika mwanafunzi.

Kwa mwalimu anayefikiria kuichukua, ushauri wangu ni kwamba azime majina kabla mtoto yeyote hajagusa kishikwambi, asiweke picha, na atumie muda wake kwenye kura na mijadala. Darasa langu limejiandikia kanuni zake za matumizi, ya kwanza ikiwa kwamba hakuna picha ya mtoto itakayowekwa popote bila yeye kuulizwa. Wameibandika karibu na mlango, nami nimetia sahihi chini yake pamoja nao.